Jinsi ya kutengeneza apu ya kupunguza kukaa ofisini, na isiwe kengele nyingine ya kupuuzwa

Nawaandikia madevelopa na watu wa upande wa afya ambao wameambiwa "tengenezeni kitu cha kidijitali wafanyakazi wapunguze kukaa". Mara nyingi kinachotoka hapo ni kengele. Kila nusu saa simu inalia simama, mtu anaizima, wiki ya pili anaifuta kabisa na maisha yanaendelea. Mi naona shida siyo kengele yenyewe, shida ni kudhani mtu wa ofisini anakaa kwa sababu amesahau kusimama. Hajasahau. Anakaa kwa sababu kazi yake imepangwa ifanywe kwa kukaa, na ukishalikubali hilo karibu kila uamuzi wa apu yako unabadilika.

Hatua ya 1: Jua unapambana na nini hasa

Kukaa sana na kutofanya mazoezi ni vitu viwili. Kitaalamu mtu anahesabiwa yuko kwenye ukaaji pale akiwa macho, ameketi au ameegemea au amejilaza, na mwili unatumia nguvu isiyozidi MET 1.5, ambapo MET 1 ndo nguvu ya mwili uliotulia tuli. Kwa hiyo mtu anaweza kukimbia kila asubuhi akatimiza zile dakika 150 za mazoezi zinazopendekezwa kwa wiki na bado akashinda masaa tisa kitini, na apu yako inamhusu vilevile.

Habari hii ni ya zamani kuliko kompyuta za ofisini. Mwaka 1953 mtafiti wa afya Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London, dereva anakaa siku nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi, na madereva wakaonekana kuugua moyo zaidi. Basi watu wanaishia hapo wanaweka kwenye slaidi. Wanachokiacha ni kwamba 1956 Morris huyohuyo alirudi akaangalia sare walizopewa, akakuta madereva walikuwa na viuno vikubwa kuliko makondakta, hata wale vijana. Yaani pengine watu wenyewe walikuwa tofauti tangu mwanzo. Likumbuke hilo, tutalihitaji kwenye kupima.

Kingine, usiandike kwenye apu "zaidi ya masaa fulani ni hatari". Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema punguza kukaa, badilisha kwa kusogea kwa kiwango chochote hata chepesi, halikutaja masaa. Na kuna uchambuzi mkubwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2016, zaidi ya watu milioni moja, ulioonyesha kwamba wanaofanya mazoezi ya wastani dakika 60 mpaka 75 kwa siku ile hatari ya ziada ya kufa inayoendana na kukaa zaidi ya masaa 8 ilikuwa kama imefutika. Dakika 75 kila siku siyo mchezo, wengi hawazifikii, ila ukimtisha mtu anayezifikia atajua humjui na hatokusikiliza tena.

Hatua ya 2: Chagua tabia moja, iandike kwa sentensi moja

"Kupunguza kukaa" siyo lengo, ni mada. Unataka jumla ya masaa ya kukaa ishuke, au unataka ule mkao mrefu usiokatika ukatwe? Na ile nafasi ijazwe na nini, kusimama au kutembea? Kila jibu linaleta apu tofauti.

Kwa mfano utafiti wa Dunstan na wenzake 2012 uliwachukua watu wenye uzito uliozidi, wakakalishwa masaa kadhaa baada ya kunywa kinywaji chenye sukari, siku nyingine wakawa wanainuka kutembea dakika 2 kila baada ya 20. Sukari na insulini kwenye damu zilishuka siku za kutembea, na kutembea polepole kulisaidia kama kutembea kwa haraka kidogo. Kwa hiyo kama shida yako ni sukari, kukata mkao ndo kitu. Lakini kila dakika 20 kwenye maabara ni sawa, kwenye ofisi yenye watu wanaofikiri hiyo ni vita.

Kusimama tu nako kusipewe sifa kupita kiasi. Tofauti ya nguvu kati ya kukaa na kusimama tuli ni ndogo, na kusimama kutwa kunaleta maumivu ya mgongo na mishipa ya miguu kuvimba, waulize wanaosimama kwa kazi. Mwaka 2015 kundi la wataalamu lilipendekeza watu wa mezani waanze na jumla ya masaa 2 ya kusimama na kutembea taratibu ndani ya muda wa kazi, wapande polepole mpaka 4. Ni mwelekeo mzuri wa kuanzia, na neno la kuzingatia hapo ni polepole.

Sentensi yako iwe kitu kama: "Wahasibu wa ofisi hii wasikae zaidi ya dakika 45 mfululizo bila kutembea walau dakika 2, isipokuwa wakiwa kwenye kikao." Ukishindwa kuiandika usifungue laptopu bado.

Hatua ya 3: Nenda ukakae nao

Hii ndo hatua inayorukwa na ndo yenye mali yote. Kaa ofisini kwao siku mbili tatu, angalia tu. Nani anainuka, lini, anaenda wapi, na akiinuka nani anamtazama.

Kuna mfumo unaitwa COM-B, ulitoka 2011 kwa mtafiti wa tabia Susan Michie na wenzake, unasema tabia inahitaji vitu vitatu: uwezo, fursa na motisha. Wafanyakazi wa ofisini karibu wote uwezo wanao, miguu inafanya kazi. Motisha nayo ipo kiasi, ukiwauliza wote wanasema ndiyo jamani tunakaa sana. Kinachokosekana ni fursa, na fursa ina sura mbili. Kuna ya vitu, yaani hedfoni ya waya mfupi, meza isiyopandishwa juu ili mtu afanye kazi amesimama, ngazi zilizofungwa. Halafu kuna ya watu, na hii ndo nzito, mtu akisimama mara tatu kabla ya saa sita anaonekana hana kazi, bosi akipita akamkuta dirishani amesimama atajieleza vipi? Sasa apu inayomwambia huyo mtu "simama" imemwongezea mzigo tu, imemkumbusha kitu anachokijua na asichoruhusiwa kukifanya.

Ukiwahoji usiulize "kwa nini husimami", watakupa majibu ya kukufurahisha. Uliza hivi: mara ya mwisho leo uliinuka kwa sababu gani? Utasikia maji, choo, printa, simu ya mtu wa nyumbani, kumfuata mwenzangu nimuulize kitu. Hizo ndo ndoano zako. Mtu ambaye tayari anatembea akiongea na simu umwekee hapo hapo, usimtungie tabia mpya kutoka hewani. Uliza pia saa ngapi ya siku anakuwa hawezi kabisa kuinuka, na mara ya mwisho aliinuka akajisikia vibaya ni lini.

Na kwenye kundi lako la kwanza wawepo wanaotumia kiti cha magurudumu, wajawazito, wenye maumivu ya goti au mgongo. Ukianza nao mapema utaacha kutumia neno "simama" kila mahali na utaanza kusema "sogea", na hapo apu inakuwa ya wote. Ukiwakumbuka mwishoni itabidi ubomoe nusu ya ulichojenga.

Hatua ya 4: Amua utapima vipi, na ujue kifaa chako kinadanganya wapi

Kila kifaa kina uongo wake.

Saa janja inakaa mkononi, na mkono haujui makalio yako wapi. Inaona msogeo. Mtu amesimama tuli kwenye meza ya kupandisha anaonekana amekaa, na anayeongea kwa mikono akiwa kitini anaweza kuonekana anasogea kweli. Apple Watch tangu 2015 ina ile duara ya kusimama, inadai usimame na kusogea walau dakika 1 kwenye masaa 12 tofauti, ni ubunifu mzuri kwa sababu lengo ni rahisi kueleweka, ila usichukue hiyo namba ukaiita muda wa kukaa.

Simu ndo mbaya zaidi ofisini maana imelala mezani. Kibodi na mausi zinakuambia mtu hayupo kwenye kompyuta, hazikuambii kama yuko kwenye kikao amekaa kiti kingine. Kitambuzi cha uzito kwenye kiti ni cha bei nafuu na kinafanya kazi vizuri, tatizo hakijui nani amekaa, mtu akiweka begi lake zito pale akaondoka, begi limefanya kazi masaa manane bila kupumzika. Kamera usiiguse. Hata kama inachakata picha hapohapo bila kuhifadhi, hakuna atakayekuamini na yuko sahihi.

Kinachotumiwa na watafiti kupima mkao ni kifaa cha kubandika pajani kama activPAL, kwa sababu paja likilala umekaa na likisimama umesimama, basi. Huwezi kumbandika kila mtumiaji milele lakini wabandike wachache kwa wiki moja uone namba za apu yako zinaachana na ukweli kiasi gani. Fomu za kujaza zitumie kujua hisia na sababu, kwa masaa zisikutoshe, watu huwa wanakadiria kukaa kwao chini ya uhalisia.

Hatua ya 5: Ujumbe, na hasa wakati wa ujumbe

Saa ya ukutani siyo kiashiria kizuri. Dakika 30 zinaweza kuisha mtu akiwa katikati ya sentensi, na ukimkata hapo atakuchukia. Tafuta mianya: simu imeisha, barua pepe imetumwa, kikao kimefungwa kwenye kalenda, mausi imetulia sekunde 40. Weka sheria mbili pamoja, amekaa zaidi ya dakika kadhaa NA mwanya umetokea. Mwanya usipotokea, nyamaza. Kunyamaza ni kazi mojawapo ya hii apu.

Weka pia kikomo cha siku. Mi ningeanza na jumbe nne, zaidi ya hapo ni kelele. Kuna jaribio la HeartSteps, apu ya kuhamasisha watu kutembea, lililochapishwa 2019, la wiki 6, simu ilikuwa inaamua kwa bahati nasibu itume pendekezo au isitume, mara kadhaa kwa siku. Siku za mwanzo mapendekezo yaliongeza hatua vizuri, halafu nguvu ikawa inafifia kadri siku zinavyoenda. Na la kutuhusu zaidi, mapendekezo ya kutembea ndo yaliyosogeza watu, yale ya kukatiza kukaa hayakuonyesha tofauti ya maana kwenye hatua. Lisome hilo kwa makini kabla hujajenga biashara nzima juu ya notifikesheni.

Kuhusu maneno: "Umekaa muda mrefu mno! Inuka sasa!" hiyo ni sauti ya mwalimu wa zamu. Linganisha na "Simu imeisha. Chupa ina maji?" au "Kikao kijacho kina dakika 10 bado, mzunguko mmoja wa ngazi unaenea." Ujumbe mzuri unataja kilichotokea sasa hivi na kitendo kimoja kidogo chenye mwisho. Usiweke takwimu za magonjwa humo, mtu anataka kwenda kuchukua maji hataki kusoma juu ya kifo chake.

Batani ziwe mbili tu, "naenda" na "siyo sasa". Akibonyeza siyo sasa mara ya tatu saa ileile ya siku, apu ijifunze kwamba hiyo saa ni yake ya kazi nzito na isimguse tena. Ila kufunga skrini ya mtu kwa nguvu mpaka asimame, hapana, kuna siku atakuwa mbele ya mteja.

Hatua ya 6: Toka nje ya simu

Apu peke yake ina dari, na dari lenyewe liko chini. Jaribio la SMART Work & Life la Uingereza, wafanyakazi wa halmashauri, matokeo yalitoka 2022 kwenye jarida la tiba la BMJ. Kundi moja lilipata elimu, vikao vya kuhamasishana, watu wa kuongoza ndani ya ofisi, na vifaa vya kujifuatilia na kukumbushwa. Kundi lingine lilipata hivyo hivyo pamoja na meza ya kupandisha na kushusha. Baada ya miezi 12, ukilinganisha na waliobaki na mambo yao ya kawaida, kundi la kwanza lilikuwa limepunguza kama dakika 22 za kukaa kwa siku, lenye meza kama dakika 64. Mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kuchambua tafiti za afya, nayo yalikuta meza hizo zinapunguza kukaa kazini kwa wastani wa dakika kama 100 kwa siku kwenye miezi ya mwanzo, japo ubora wa ushahidi ulikuwa wa chini.

Kwa hiyo kama kuna bajeti, gawa. Kama meza haziwezekani, kuna vitu vya bure ambavyo apu inaweza kuvibeba. Kalenda ipange vikao vya dakika 50 badala ya saa nzima na hizo 10 zibaki tupu. Mwenye kikao apate sentensi ya kusoma mwanzoni, "anayetaka kusimama asimame, hatutamshangaa". Vikao vya watu wawili visivyohitaji skrini, apu ipendekeze vifanyike wakitembea.

Na anza na mabosi. Siyo kwa heshima tu, ni kwa sababu mkuu wa kitengo akionekana amesimama kwenye kikao, ile fursa ya watu niliyosema kule juu inafunguka siku hiyohiyo, hakuna notifikesheni inayoweza kufanya hivyo. Ningeweza hata kutengeneza toleo la wiki mbili la wakuu peke yao kabla ya wengine kuona chochote.

Hatua ya 7: Data ya nani?

Fikiria kidogo data ya kuinuka inasema nini. Inasema mtu ameenda choo mara ngapi. Inaweza kuonyesha ujauzito, kisukari, ugonjwa wa tumbo, siku aliyokosa usingizi. Sasa mwajiri ndo analipia apu, si atataka ripoti?

Amua kabla ya mkataba na uandike kwenye mkataba: mwajiri haoni mtu mmoja mmoja, anaona wastani wa kundi, na kundi likiwa dogo, tuseme chini ya watu 10, haoni kitu. Data ghafi ikae kwenye simu ya mwenyewe kadri inavyowezekana. Kujiunga iwe hiari na kujitoa kusiache alama kwa bosi. Haya yote mtumiaji ayaone kwenye skrini ya kwanza kwa maneno ya kawaida, siyo kwenye kurasa za masharti ambazo hakuna anayesoma.

Mashindano yenye majina na nafasi mi siyapendi hapa, anayeshika mkia mara nyingi ndo yule mwenye goti au mwenye kazi isiyoachika. Ukitaka ushindani fanya timu kwa timu, au mtu na wiki yake iliyopita.

Hatua ya 8: Jaribu kwanza kabla ya kuandika programu

Chukua watu sita, wiki moja, wewe mwenyewe nyuma ya pazia ukiwatumia meseji kwa mkono kama vile ndo mfumo. Utajua maneno gani yanachekesha, yapi yanaudhi, na saa ngapi watu hawajibu. Ni kazi ya kuchosha ila inaokoa miezi.

Hatua ya 9: Pima bila kujidanganya

Wiki ya kwanza pima tu, usitume ujumbe wowote, na hata hivyo jua kwamba mtu akijua anapimwa anasimama zaidi, kwa hiyo siku mbili za mwanzo ziangalie kwa jicho la wasiwasi.

Halafu rudi kwa Morris na zile sare. Ukiwalinganisha waliopakua apu na wasiopakua, umelinganisha madereva na makondakta, yaani waliopakua wanaweza kuwa ni walewale wapenda kusogea. Gawa kwa kura nani apate apu na nani asipate. Na ugawe ofisi kwa ofisi au timu kwa timu, siyo mtu kwa mtu, maana wanaokaa meza moja mmoja akiinuka mwenzie anamfuata, matokeo yanavujiana.

Pima na jioni pia. Kuna mtu atasimama kazini masaa matatu halafu akifika nyumbani anajitupa kwenye kochi kuliko zamani, na jumla ya siku inabaki palepale. Uliza pia habari ya maumivu na ya kazi, kama kazi inachelewa mtaambiwa tu, bora mjue wa kwanza.

Kuhusu watu kupotea njiani, jiandae nalo. Mtafiti wa afya ya kidijitali Gunther Eysenbach aliandika 2005 kwamba kwenye tiba za intaneti wengi kuacha ni jambo la kutarajiwa, akashauri liripotiwe na lichunguzwe lenyewe. Wahesabu wote waliogawiwa mwanzoni, siyo waliobaki tu. Na wapigie walioacha, maana wapo waliochoka na wapo ambao tabia imeshakaa hawaihitaji tena, kwenye grafu wote wanaonekana sawa. Huyo wa pili ndo uliyekuwa unamtafuta. Wiki nane ni fupi, kama hela inaruhusu nenda mpaka mwaka.

Ukishapata namba, pitia ujumbe mmoja mmoja uone upi ulifuatiwa na mtu kuinuka ndani ya dakika tano na upi haukufanya kitu. Usiofanya kitu uzime, hata kama ndo ule mliobishania wiki nzima rangi yake.